Gari Lililoipindua Petroli

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani. Si kwamba haipo, la hasha. Ramani yake ilitoka ofisi moja kwenda ofisi nyingine miaka kumi na tisa iliyopita, na hafla ya makabidhiano bado haijafanyika, kwa hiyo imelala ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati nao unasubiri hafla yake.

Maana katika nchi ile, ndugu zangu, hakuna kitu kinachotoka mkono huu kwenda mkono ule bila hafla. Mkurugenzi akihamishwa, hafla. Mlinzi akimwachia mwenzake rungu asubuhi, hafla. Nimeambiwa na mtu asiyependa uongo kwamba mfagizi mmoja wa wizara alipostaafu, ufagio wake ulikabidhiwa chini ya turubai la watu mia mbili, tarumbeta zikilia, na mgeni rasmi akaushika ufagio ule na kuusifu kwa dakika arobaini. Ofisi zenyewe zilikaa siku tisa bila kufagiwa, lakini hilo halikuwamo kwenye ratiba.

Basi katika nchi hiyo aliishi dereva wa teksi, Mzee Mfaume Kilindo. Miaka hamsini na miwili, mgane, mrefu, mpole, mwenye cheko linalomtoka hata mahali pasipochekwa. Furaha zake duniani zilikuwa mbili. Moja ilikuwa gari lake jeupe, kuukuu, lililofungwa mtungi wa gesi asilia kwenye buti, na tangi la petroli likabaki palepale lilipokuwa tangu kiwandani. Ya pili ilikuwa Bi Sikudhani, mjane wa mtaa wa Pembeni, aliyekubali kuolewa naye baada ya kumfikiria mwaka mzima na miezi minne.

Bi Sikudhani alikuwa mshona tepe. Zile tepe za kukatwa na wageni rasmi, yeye ndiye aliyekuwa akizishona: nyekundu kwa madaraja, kijani kwa visima, bluu kwa vyoo vya shule. Hakuna utepe, hakuna hafla, na bila hafla nchi ile ingesimama kama saa iliyokatika springi. Lakini mwenyewe hakuwa na makuu. Alikuwa na maneno machache na mkasi mkubwa.

Sasa niwaeleze lile gari, maana ndilo lililoleta zahama yote. Ukiliwasha, linaanza na petroli. Likienda kidogo na injini ikapata joto, linajihamisha lenyewe: kuna swichi ndogo pembeni mwa usukani, inalia tiki, vitaa vinne vya kijani vinawaka, na kuanzia hapo unatembelea gesi. Gesi ikiisha, tiki, umerudi kwenye petroli. Siku Mzee Mfaume alipolitoa kwa fundi alizunguka mji mzima kusikiliza tiki tu. Akisikia, anacheka. Akishuka abiria, analizima, analiacha lipoe, analiwasha tena ili asikie nyingine. Mtu mzima na akili zake!

Angelifurahia mpaka kesho kama asingempakia mheshimiwa mmoja, mbunge, aliyekuwa akienda sokoni kununua pweza. Mheshimiwa alisikia tiki, akauliza ni nini, akaelezwa kwa furaha na kwa kirefu. Hakununua pweza tena. Alikwenda moja kwa moja bungeni.

"Mheshimiwa Spika," alisema, mkono kifuani, sauti ikimtetemeka, "leo nimepanda gari ambalo pale stendi lilikuwa na petroli. Tumefika sokoni, lina gesi! Halikuaga, halikuandika barua! Nauliza, na wananchi wangu wananiuliza, jioni litakuwa na nani?"

Wabunge wakapiga meza.

"Mheshimiwa Spika, wahenga walilijua gari hili kabla halijatengenezwa. Walimwita ndumilakuwili!"

Wakapiga meza mpaka meza mbili zikavunjika, na papo hapo zikaundiwa kamati.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Magari Yenye Nia Mbili. Ilisema kwamba Wizara ya Petroli na Vimiminika itaweka afisa wake ndani ya gari kulinda petroli. Wizara ya Gesi na Mambo Yasiyoonekana nayo itaweka wake kulinda gesi. Na kila gari linapotoka kwenye petroli kwenda kwenye gesi, hayo ni makabidhiano ya madaraka kama makabidhiano mengine, na lazima yawe na turubai, meza kuu, risala, mgeni rasmi na utepe. Dereva hakusahauliwa. Kifungu cha kumi na moja kilimhesabu kuwa sehemu ya gari, pamoja na wipa na vioo vya pembeni, na kikaonya kwamba dereva akionekana mahali bila gari, gari hilo litahesabiwa limeibwa.

Wenye magari ya namna hiyo walikuwa thelathini na saba. Thelathini na sita waling'oa mitungi kabla ya swala ya magharibi siku ileile. Mzee Mfaume hakung'oa.

"Ning'oe?" aliwauliza wenzake kijiweni. "Limenikosea nini?"

Kesho yake asubuhi akawakuta maafisa wawili wamekwisha kukaa garini, milango imefungwa. Kiti cha mbele alikuwapo Bwana Kasiani wa Petroli, mnene wa heshima, mwenye mhuri shingoni kwa uzi kama hirizi. Kiti cha nyuma alikuwapo Bi Leokadia wa Gesi, mwembamba, mkali, mkono mmoja ameupitisha nyuma ya kiti kuushika mtungi usije ukaenda mahali. Abiria aliyebahatika kupanda alikuwa mmoja tu, naye sharti awe amekonda.

Haya yote Mzee Mfaume angeyavumilia. Alikuwa mtu wa kuvumilia. Lakini ndoa yake ilikuwa Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwa Bi Sikudhani.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo alikwenda kujaza gesi. Kituo cha gesi kilikuwa kimoja nchi nzima, na kwa fahari waliyokuwa nayo juu yake, kilizinduliwa upya kila siku asubuhi. Siku hiyo mgeni rasmi alichelewa. Alifika Jumapili. Mzee Mfaume, amevaa kanzu yake ya harusi, alilala foleni siku mbili, Bwana Kasiani akikoroma upande huu na Bi Leokadia akisaga meno upande ule.

Akaomba radhi, akasamehewa, ikapangwa Ijumaa ya pili. Siku hiyo hakwenda kujaza kitu. Alitoka nyumbani mapema, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa vizuri, akaingia garini anacheka. Bi Leokadia akamnyooshea mkono.

"Simama kwanza. Nimeletewa fomu ya kupokea gesi iliyomo. Nasaini, lakini niione."

"Imo mtungini, dada."

"Mtungi nauona. Gesi iko wapi?"

"Haionekani, dada yangu. Ndivyo ilivyo."

"Nisaini kitu nisichokiona? Unanitafutia kesi, mzee? Imimine kidogo kwenye ndoo niikague."

Mzee Mfaume alisihi, alieleza, aliapa. Ndoo ikaletwa. Fundi akaitwa, akalegeza koki, gesi ikapiga mluzi, kuku wa jirani wakakimbia, na Bi Leokadia akachungulia ndoo akakuta ni tupu. Akaandika ripoti ya wizi. Bwana harusi alishinda kituo cha polisi akitoa maelezo mpaka jua likazama.

Jumamosi alitembelewa na shemeji yake mtarajiwa, Bwana Mbaraka, mwenye bucha, kaka mkubwa wa Bi Sikudhani na ndiye walii wake. Hakukaa. Alisimama nje ya gari, maana Mzee Mfaume hakuweza kutoka na kuliacha.

"Shemeji, mimi nakuheshimu," alisema Bwana Mbaraka. "Lakini pilau la harusi hii limepikwa mara mbili, na mara mbili nimelila mimi na majirani. Watu wananicheka buchani. Ijumaa ijayo, alasiri ikimalizika na wewe hujaonekana, namwoza dada yangu kwa Bwana Tindwa."

"Tindwa fundi saa?" Mzee Mfaume alishangaa. "Tindwa ana nini cha kunishinda mimi?"

"Ana baiskeli."

"Baiskeli tu?"

"Baiskeli haina wizara," alisema Bwana Mbaraka, akaenda zake.

Siku zile sita Mzee Mfaume hakula vizuri. Alimpenda yule mwanamke. Alipenda anavyokata uzi kwa meno na anavyomtazama juu ya miwani akichelewa kumaliza chai. Alijua fika kwamba kutoka kwake mpaka Pembeni ni mwendo wa dakika nne kwa gari, na kwamba gari lake huchukua dakika hizohizo nne kupata joto la kuhamia gesi. Ukilifunga lisihame, Bi Leokadia atasema gesi imebaguliwa. Likihama, lazima hafla, na hafla fupi kabisa katika historia ya nchi ile ilichukua saa saba. Basi akapata wazo, na wazo likamchekesha peke yake mpaka maafisa wakatazamana: atafika kabla injini haijapata joto.

Ijumaa ya tatu, tangu asubuhi, alikuwa akilipoza gari. Alilimwagia boneti maji ya mtungi wa udongo, akalifunika magunia mabichi, akalipepea kwa ungo. Wapita njia wakauliza kama limeugua.

"Lina homa ya ndoa," akawajibu.

Muda ulipokaribia, akaondoa magunia, akasema bismillahi, akaliwasha. Dakika ya kwanza, petroli. Dakika ya pili, petroli, Bwana Kasiani ametulia kama yuko sebuleni kwake. Dakika ya tatu, wakaliona paa la bucha la Bwana Mbaraka kwa mbali, na Mzee Mfaume akaanza kuimba. Halafu wakafika njiapanda, wakakuta turubai katikati ya barabara.

Askari wa usalama barabarani aliyemaliza zamu alikuwa akimkabidhi mwenzake filimbi.

Viti mia, meza kuu yenye maua ya plastiki, tarumbeta, na mgeni rasmi si mwingine ila Mheshimiwa Bonaventura, Naibu Waziri wa Makabidhiano. Alikuwa Naibu kwa miaka minane sasa, maana Waziri mwenyewe aliteuliwa lakini hajakabidhiwa ofisi. Mheshimiwa alikuwa ameshika filimbi juu juu, watu wote waione.

"Hii filimbi," alikuwa akisema, "si filimbi tu. Ingekuwa filimbi tu, tungeiita filimbi tu."

Makofi. Mzee Mfaume akapiga breki na kufunga macho. Injini inaunguruma, joto linapanda. Aliipapasa dashibodi kama mtu anayebembeleza mtoto asilie.

"Usinifanyie hivyo, mwanangu," akanong'ona. "Leo tu. Nakuomba."

Tiki.

Vitaa vinne vya kijani vikawaka. Kisha Bwana Kasiani akafumbua kinywa.

"Mapinduzi!" alipiga yowe. "Petroli imepinduliwa! Gari limepindua!"

Akajitupa sakafuni, yaani sehemu yake iliyoenea. Bi Leokadia, ambaye kwa dakika tatu zilizopita hakuwa na cheo chochote barabarani, alikaa wima, akarekebisha kilemba, akateremsha kioo na kuwahutubia wapita njia.

"Wananchi, tulieni. Gesi imeshika hatamu. Endeleeni na shughuli zenu za kawaida."

Chini ya turubai watu walilala kifudifudi, maana katika nchi ile neno mapinduzi halisemwi mara mbili. Mpiga tarumbeta mmoja, hakujua afanye nini, akapiga wimbo wa taifa, kwa hiyo waliolala wakalazimika kusimama, na waliosimama wakaogopa wakalala. Mheshimiwa Bonaventura peke yake ndiye aliyebaki ameduwaa, na filimbi ikiwa kinywani, sijui ilifikaje huko.

Alipoelezwa, uso wake ulichanua.

"Gari limehama bila makabidhiano? Basi tutayafanya sasa hivi!" alisema. "Turubai lipo. Meza kuu ipo. Mimi mwenyewe nipo. Tutalirudisha kwenye petroli, tusome risala, halafu tulipeleke kwenye gesi kwa heshima zote. Kimepungua nini?"

Katibu wake akanong'ona sikioni.

"Utepe," akatangaza Mheshimiwa. "Ule tuliokuwa nao tumeukatia filimbi. Askari! Nenda Pembeni kwa yule mama mshona tepe, lete mwingine."

Hapo ndipo adhana ya alasiri ilipolia.

Mzee Mfaume aliisikia akiwa ameshika usukani. Akatoa kichwa dirishani. "Mheshimiwa, shikamoo. Naomba ruhusa. Ndoa yangu ni sasa hivi, ni hapo tu, paa lile pale unaliona."

"Wewe ni nani?"

"Dereva, Mheshimiwa."

"Wipa ikiomba ruhusa niipe?" aliuliza Naibu Waziri, kwa upole kabisa, na kila mtu akaona amejibu vizuri. Mzee Mfaume akarudisha kichwa ndani. Alilia, sitawaficha. Alilia machozi ya mtu mzima, kanzu ikalowa, na cheko lake safari hii halikumtoka.

Watu wakaenda kuswali, wakarudi, hafla ikaendelea kutokuanza. Kisha kutoka upande wa Pembeni watu wakaonekana wanakuja. Mbele alikuwapo askari, amenywea kidogo. Nyuma yake Bi Sikudhani, amevaa nguo za harusi, hina mpaka viwikoni, miwani puani, utepe mwekundu umeviringwa begani na mkasi mkononi. Nyuma yake Bwana Mbaraka amevimba kwa hasira, Sheikh Zuberi mwenye daftari lake la ndoa, majirani na masufuria, na mwisho kabisa Bwana Tindwa ndani ya kanzu mpya, akisukuma baiskeli taratibu kama mtu asiyetaka kuonekana ana haraka.

"Shikamooni, waheshimiwa," alisema Bi Sikudhani.

"Marahaba, mama. Lete utepe."

"Upo. Lakini sikuushona kwa gari. Huu ni wa mlango wangu, wa harusi yangu, na bwana harusi wangu ndiye huyo mliyemfungia."

"Alasiri imekwisha," Bwana Mbaraka akaingilia. "Nilisema neno langu, dada. Asipofika alasiri, basi. Bwana Tindwa, sogea."

Bwana Tindwa akasogea hatua moja na nusu.

Bi Sikudhani hakugeuka. "Kaka, mimi nimekwenda kwa miguu. Dakika kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu mpaka hapa, nimezihesabu. Serikali nzima imeshindwa Ijumaa tatu kunifikisha kwa huyu mwanamume, na ni dakika kumi na mbili. Ulitaka afike mimi nilipo. Haya, mimi nilipo ni hapa. Hajafika?"

Bwana Mbaraka akatazama gari, akamtazama dada yake, akasogea pembeni. Bwana Tindwa akarudi hatua mbili, kwa adabu.

"Mama, nakuelewa," alisema Mheshimiwa Bonaventura, akiutazama utepe kwa uchu. "Lakini sheria ni msumeno. Dereva ni sehemu ya gari, gari ni la wizara mbili. Hawezi kwenda kwako hivi hivi tu."

"Basi nikabidhini."

"Unasemaje?"

"Si mnakabidhi ufagio? Si mmekabidhi filimbi? Nikabidhini na mimi huyu. Bila hivyo utepe hamuupati, na nchi nzima hakuna mwingine wa kuwashonea."

Ndugu zangu, nimesikia habari za vita na za mikataba, lakini sijasikia serikali iliyoshindwa upesi namna ile. Naibu Waziri aliangalia viti mia vilivyojaa watu, akaangalia nguzo mbili za turubai zisizo na utepe kati yake, na jasho likamtoka. Hafla bila utepe! Wangemsema mpaka kwa wajukuu.

"Leteni Fomu Namba Saba!" akaamuru.

Ikaletwa, nakala nne. Hapo ukazuka ugomvi wa nani anamkabidhi.

"Anatoka jasho," alisema Bwana Kasiani, akimgusa bwana harusi kwa kidole. "Na machozi haya hapa. Hivi ni vimiminika. Ni mali ya Petroli."

"Anapumua," alisema Bi Leokadia. "Pumzi unaiona wewe? Haionekani. Ni ya kwetu."

"Bila jasho hafanyi kazi!"

"Bila pumzi je, anafanya?"

Walibishana mpaka Sheikh Zuberi akakohoa na kuuliza kama wanaweza kumkabidhi wote wawili, nusu kwa nusu, magharibi isije ikawakuta. Wakaafikiana. Katibu akajaza fomu kwa sauti kubwa ili umma usikie.

"Kitu kinachokabidhiwa: dereva mmoja. Umri: hamsini na mbili. Hali: kinatumika. Kasoro zilizoonekana?"

"Hucheka bila sababu," walisema maafisa wote wawili pamoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza wizara zile zilikubaliana juu ya jambo.

"Mpokeaji amekagua na kuridhika?"

Bi Sikudhani alisogea mpaka mlango wa gari. Alimtazama Mzee Mfaume juu ya miwani, kuanzia kofia, akashuka mpaka viatu, akapanda tena bila haraka. Mzee Mfaume akajaribu kukunjua kanzu iliyolowa.

"Umekonda," alimwambia.

"Nimekusubiri," alisema Mzee Mfaume.

"Nimeridhika," alisema Bi Sikudhani, akatia saini.

Sheikh hakupoteza muda. Hapohapo chini ya turubai la filimbi, Bwana Mbaraka akamshika mkono shemeji yake, ndoa ikafungwa, Mzee Mfaume akasema amekubali kwa sauti iliyosikika mpaka buchani. Vigelegele vikapanda, tarumbeta zikalia, masufuria yakafunuliwa, na pilau likaliwa safari hii na wenyewe. Mheshimiwa Bonaventura alidhani shangwe zile ni za risala yake, akainuka na kupunga mkono. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa na furaha sana siku ile.

"Na gari?" Bwana Kasiani akauliza, mdomo umejaa wali. "Gari limebaki bila dereva!"

Mzee Mfaume alilitazama gari lake jeupe, bado linaunguruma njiapanda, vitaa vinne vikiwaka. Lilimuuma, lazima niseme. Aliligonga boneti mara mbili kwa kiganja.

"Limebaki na ninyi," alisema. "Mimi nimekwisha kukabidhiwa."

Bi Sikudhani akafunga utepe kwenye nguzo, akawaachia na mkasi, wakaondoka kwa miguu, yeye na mumewe, upande wa Pembeni. Walikuwa hawajafika hata nusu ya njia waliposikia nyuma yao, kwa mbali kidogo, tiki. Gesi ilikuwa imekwisha.

"Mapinduzi!" sauti ya Bi Leokadia ikapaa angani.

Watu mia wakalala chini, wimbo wa taifa ukaanza, na Mzee Mfaume akacheka mpaka akaketi kando ya barabara. Mkewe akamsubiri amalize. Walitumia dakika kumi na tisa badala ya kumi na mbili, saba zote za kucheka.

Siku hizi Mzee Mfaume anamsaidia mkewe kushona tepe. Gari bado lipo palepale njiapanda. Lilikwisha kuishiwa petroli pia, likazimika, na kwa kuwa sasa halitumii chochote, hakuna wizara inayokubali kulizima rasmi. Wamelizungushia uzio na kuliwekea walinzi wanaokabidhiana rungu kila asubuhi.

Wiki iliyopita mume na mke walikuwa wakinywa chai, redio ikiwa wazi. Ilitangaza kwamba Bwana Tindwa amekamatwa. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha kuwa baiskeli yake ina kanyagio mbili, na zinapokezana kazi njia nzima bila kibali. Kamati imeundwa, mtangazaji aliendelea, na imegundua jambo zito zaidi: kuna raia wengi wanaotembea kwa miguu, na kila raia ana miguu miwili, nayo inabadilishana zamu kila hatua, hadharani, pasipo hafla yoyote.

Mzee Mfaume aliweka kikombe chini, akaitazama miguu yake.

Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kuinuka. Alifungua kabati, akatoa jora zima la kitambaa chekundu, akalitandaza mezani na kumpa mumewe mkasi.

"Kata, mume wangu," alimwambia. "Miguu ni mingi."